Je, Wajua Kwamba Ndani ya Chipu Kuna Kona Zilizopigwa Marufuku?

Ingia duka lolote la simu, Kariakoo au Luthuli Avenue, na neno la kwanza utakalolisikia kwa muuzaji ni idadi. Hii ina viini vinane, ile ina vinne, basi chukua hii. Mnunuzi anaitikia, analipa, anaondoka akiamini amenunua kasi maradufu. Hakuna anayeuliza swali ambalo kwangu mimi ni kubwa kuliko hiyo idadi: hivyo viini vinane vinazungumzaje?

Kiini kikiwa kwenye kazi, mara nyingi namba kinayoihitaji haiko kwake. Iko kwenye kache, yaani kumbukumbu ndogo, ya kiini jirani, au upande wa pili wa chipu karibu na mlango wa kumbukumbu kuu. Lazima iletwe, na kuileta ni ghali kuliko kuikokotoa. Mwaka 2014 Mark Horowitz wa Chuo Kikuu cha Stanford alitoa hesabu ambazo wahandisi bado wanazirudia: kwa teknolojia ya nanomita 45, kujumlisha namba mbili za biti 32 hula takriban pikojuli 0.1, ilhali kuchukua namba kutoka kumbukumbu iliyo nje ya chipu hula mamia ya pikojuli. Kujumlisha ni karibu bure. Kinachomaliza betri na kuchemsha simu mfukoni ni safari za data, na sehemu ya kwanza ya safari hizo iko ndani ya chipu yenyewe.

Zamani viini viwili au vinne viliunganishwa kwa njia moja ya pamoja: kimoja kikisema, vingine vinasubiri. Viini vilipoongezeka njia hiyo ikazidiwa, zikaja pete. Chipu ya Cell iliyokuwa ndani ya PlayStation 3 ilikuwa na pete, na chipu za Intel za seva zilikaa na pete kwa miaka. Pete nayo ina ukomo wake, kwa kuwa kila kiini unachokiongeza kinarefusha safari ya wote. Mwaka 2001 watafiti William Dally na Brian Towles walikuwa wameshaandika kwamba wabunifu waache kuvuta nyaya ndefu za pekee kutoka kila mahali kwenda kila mahali. Badala yake wajenge mtandao mmoja wa ruta ndani ya silikoni, na data isafiri kwa pakiti. Intel walihamisha chipu zao za seva za Xeon kutoka pete kwenda gridi mwaka 2017, yaani miaka 16 baadaye.

Gridi ni hivi: viini vimepangwa kwa mistari na safu, na kila kiini kina ruta yake ndogo yenye milango mitano. Minne inaelekea kwa majirani wa kaskazini, kusini, mashariki na magharibi, na wa tano unaingia kwa kiini chenyewe. Pakiti hukatwa vipande vidogo viitwavyo fliti, na fliti ya kwanza ndiyo inayobeba anwani. Ikifika, ruta inasoma anwani, inachagua mlango, inauliza kama ruta ya mbele ina nafasi, inashindana na pakiti nyingine zinazoutaka mlango uleule, kisha fliti inavuka. Yote haya kwa mapigo machache tu ya saa ya chipu, na saa hiyo hupiga mara mabilioni kwa sekunde.

Sasa ruta haina ghala. Bafa zake, yaani nafasi za kusubiria, hubeba fliti chache tu, kwa sababu kila bafa inakula eneo na umeme. Pakiti nzima haiwezi kutua mahali pamoja ikapumzika. Basi hutumika mbinu ambayo Dally na Charles Seitz waliikuza kule Caltech katika miaka ya 1980, mbinu ya mnyoo: kichwa kinaendelea na safari kabla mkia haujafika. Pakiti moja inaweza kuwa imelala juu ya ruta nne kwa wakati mmoja, kichwa huku, kiwiliwili kule, mkia bado unatoka nyumbani. Faida yake ni kubwa, maana safari inakuwa fupi na bafa zinabaki ndogo. Lakini kichwa kikisimama, mwili wote unasimama palepale ulipo, na kila njia uliyoilalia inafungika kwa wengine.

Hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko zote katika mitandao hii. Chukua mitaa minne inayozunguka jengo moja, taa zimezimika, jioni. Daladala nne zimejipanga, kila moja imejaza mtaa wake mzima na inataka kukata kona kulia kuingia mtaa unaofuata, na mtaa huo umejazwa na daladala iliyo mbele yake. Ya kwanza inaisubiri ya pili, ya pili ya tatu, ya tatu ya nne, na ya nne inaisubiri ya kwanza. Barabarani kondakta atashuka, atapiga kelele, mmoja atarudi nyuma. Ndani ya chipu hakuna kurudi nyuma, maana njia ni ya upande mmoja na fliti iliyokwisha kusonga imesonga. Hakuna iliyovunja sheria wala iliyoharibika. Zitasubiriana hivyo mpaka umeme uzimwe, na nyingine zote zinazokuja nyuma yake zitaganda pia.

Mwaka 1987 Dally na Seitz walithibitisha kwamba mkwamo huu unaweza kuzuiwa bila askari na bila saa ya kuhesabu muda. Zipe njia zote namba, kisha uhakikishe kila pakiti inapita kwenye njia kwa mpangilio wa namba hizo, isirudi nyuma kamwe. Mduara wa kusubiriana hauwezi kutokea, kwa sababu ili mduara ufungike lazima mahali fulani namba irudi nyuma.

Kwenye gridi, njia nyepesi ya kulitimiza hilo ni ile inayoitwa XY. Pakiti inakwenda kwanza mashariki au magharibi mpaka ifike kwenye safu ya mwenyeji wake, ndipo ikate kona moja kwenda kaskazini au kusini, na isikate tena. Sheria hii unaweza kuiandika kwenye ukucha, na ruta yake ni ndogo kiasi hicho. Chipu ya TILE64 ya kampuni ya Tilera, yenye viini 64, iliitumia mwaka 2007. Chipu ya majaribio ya Intel yenye viini 48 iliitumia. Xeon Phi ya mwaka 2016, yenye viini hadi 72, iligeuza tu: wima kwanza, mlalo baadaye.

Wengi huishia hapo na kudhani hadithi imekwisha. Mimi naona hapa ndipo utamu unapoanza.

Hesabu kona. Pakiti inayotembea kwenye gridi inaweza kukata kona nane za nyuzi 90: nne za kulia na nne za kushoto. Mkwamo wa mduara unahitaji kona zote nne za kulia, au zote nne za kushoto. XY inakataza kila kona inayotoka wima kwenda mlalo, yaani nne kati ya nane, na kwa hiyo inakata miduara yote miwili, tena kila mmoja kwa mikato miwili pale ambapo mmoja ungetosha. Gharama yake ni kwamba kati ya kiini na kiini imebaki njia moja tu. Njia hiyo ikisongamana, pakiti itasubiri hapo hata kama mitaa ya jirani iko mitupu.

Mwaka 1992 Christopher Glass na Lionel Ni, wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, waliuliza swali la uchumi safi: ni marufuku chache kiasi gani zinatosha? Jibu ni mbili. Kona moja kutoka mduara wa kulia na moja kutoka mduara wa kushoto, na sita zilizobaki ziachwe huru.

Lakini si mbili zozote, na hili ndilo linalonifanya niipende kazi yao. Kuna jozi 16 za kuchagua, na 4 kati ya hizo hazifai kitu. Mfano: ukataze kona ya kushoto itokayo kaskazini kwenda magharibi, na ukataze kona ya kulia itokayo magharibi kwenda kaskazini. Kwa macho umekata miduara yote miwili. Sasa angalia pakiti zinazokwenda magharibi. Zinaruhusiwa kukata kushoto kwenda kusini, tena kushoto kwenda mashariki, tena kushoto kwenda kaskazini. Kona tatu za kushoto zimezaa ileile kona ya kulia uliyoikataza. Mduara umefungika kwa njia ya kuzunguka, na mkwamo umerudi kupitia mlango wa nyuma. Jozi 12 zilizobaki ni salama, na ukiizungusha karatasi na kuigeuza unaona kwamba kwa kweli ni tatu tu.

Moja ya hizo tatu inaitwa magharibi-kwanza: hakuna kona yoyote inayoruhusiwa kuingia upande wa magharibi, kwa hiyo pakiti yenye safari ya magharibi lazima iimalize mwanzoni kabisa. Baada ya hapo iko huru. Ikikuta msongamano kaskazini inajaribu mashariki, ikikuta mashariki kumejaa inakwenda kusini kama safari inaruhusu. Hakuna nyaya zilizoongezwa wala bafa mpya. Kilichofanyika ni kuondoa marufuku zilizokuwa zimezidi.

Dosari yake ni upendeleo. Pakiti za mashariki zina njia nyingi, za magharibi zina moja. Kwenye chipu yenye viini 64 upendeleo huo unaonekana, upande mmoja unapumua na mwingine unasongwa. Mwaka 2000 Ge-Ming Chiu, mtafiti wa Taiwan, alilitatua hilo kwa wazo ambalo kila mwalimu wa hisabati wa sekondari angeweza kulichora ubaoni. Hakukataza kona fulani kila mahali. Alizipa safu namba, kisha akasema: kwenye safu za namba shufwa, pakiti inayokwenda mashariki isikate kona, kwenye safu za namba witiri, pakiti inayokwenda kaskazini au kusini isikate kona kuelekea magharibi. Basi.

Kwa nini inafanya kazi? Chora mduara wowote wa mkwamo kwenye karatasi ya miraba, uwe mkubwa au mdogo, wa kulia au wa kushoto. Lazima una safu moja iliyo mashariki kuliko nyingine zote. Ili mduara uifikie safu hiyo, pakiti inayokwenda mashariki lazima ikate kona pale kwenda juu au chini. Ili mduara urudi, pakiti nyingine lazima, kwenye safu hiyohiyo, ikate kona kwenda magharibi. Kama safu ni shufwa, kona ya kwanza imekatazwa. Kama ni witiri, ya pili imekatazwa. Safu haiwezi kuwa si shufwa wala witiri. Kwa hiyo mduara hauwezi kuwepo, na uthibitisho umekwisha, bila alama moja ngumu. Mizigo ya marufuku imegawanywa kwa haki zaidi kwenye gridi nzima, na pakiti za pande zote zina nafasi ya kukwepa foleni.

Nimekaa sana kwenye kona kwa sababu naona watu wanaamini kwamba kasi hununuliwa kwa kuongeza: viini zaidi, gigahezi zaidi, bafa zaidi. Kuongeza kuna bei. Mwaka 2007 Intel walionyesha chipu ya utafiti yenye viini 80 vilivyopangwa 8 kwa 10, iliyofikisha hesabu trilioni moja kwa sekunde kwa wati 62 tu. Ilikuwa kazi ya kujivunia. Lakini walipopima, mawasiliano yalikula takriban asilimia 28 ya umeme wa kila kigae cha chipu, yaani kiini pamoja na ruta yake. Zaidi ya robo ya umeme haikukokotoa chochote, ilibeba tu. Sehemu kubwa ya mzigo huo ni bafa, ndiyo maana mwaka 2009 watafiti Thomas Moscibroda na Onur Mutlu walipendekeza ruta zisizo na bafa kabisa: pakiti mbili zikiutaka mlango mmoja, iliyo na umri mkubwa inapita na nyingine inasukumwa mlango wowote ulio wazi, hata kama unaipeleka mbali na kwake. Kanuni ya umri ndiyo inayoihakikishia kwamba siku moja itakuwa mkubwa wa wote na itafika. Foleni ikiwa nyepesi mbinu hiyo inaokoa umeme mwingi. Ikiwa nzito pakiti zinazurura na faida inapotea. Mimi ningependa kuiona zaidi kwenye vifaa vidogo vya betri, ambavyo muda mwingi havina foleni.

Na nyaya zenyewe ambazo pakiti hizi hupita zina asili inayotuhusu. Tangu IBM walipotangaza mwaka 1997 kwamba wameacha alumini na kuhamia shaba, nyaya za ndani ya chipu za kasi zimekuwa za shaba, na shaba ina tabia mbaya: atomu zake hupenya kwenye silikoni na kuua transista. Kinga iliyozoeleka ni kuivika kila waya ala nyembamba ya tantalamu na nitridi yake, unene wa nanomita chache. Tantalamu inatokana na koltani, na koltani inachimbwa kwa mikono Rubaya, Kivu Kaskazini, na pia Rwanda na Burundi. Sehemu kubwa ya madini hayo huishia kwenye kapasita na kiasi cha ndani ya chipu moja ni kidogo mno, lakini ndicho kinachoiwezesha njia ya pakiti kudumu. Mwaka 2022 dunia ilitupa tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na kilichorekodiwa kuwa kimekusanywa na kurejelezwa ipasavyo hakikufika robo. Tantalamu haipatikani kwa kuchoma bodi za simu jalalani, na hivyo ndivyo bodi nyingi zinavyoishia huku kwetu. Mchimbaji anaingia shimoni kwa ajili ya kitu kitakachotumika miaka mitatu kisha kizikwe kwenye moshi. Hili linaniuma, na linaniuma zaidi kwa sababu ruta iliyobuniwa vizuri huirefushia chipu maisha: chipu isiyosongamana huchemka kidogo, na joto ndilo linalozizeesha nyaya.

Tena ubunifu huu hauhitaji kiwanda cha mabilioni. Kiwanda kinahitajika kuchonga silikoni; kuchagua kona kunahitaji karatasi ya miraba na kompyuta ya kawaida. Programu za kuigiza mitandao ya ndani ya chipu ziko bure: BookSim ya Stanford, Noxim ya Chuo Kikuu cha Catania, na gem5 inayotumika duniani kote. Chuo Kikuu cha Princeton kimeweka hadharani OpenPiton, muundo kamili wa prosesa ya viini vingi pamoja na ruta zake, mtu aufungue na kuubadilisha atakavyo. Pamoja na hayo, katika vyuo vingi vya kwetu ninavyovifahamu somo la mitandao linaishia kwenye kebo za ofisini na anwani za intaneti. Mhitimu anajua kuisanidi ruta aliyonunuliwa, hajawahi kuambiwa kwamba kuna ruta za ukubwa wa punje ya vumbi anazoweza kuzibuni mwenyewe. Nyeri, Kenya, katika eneo la Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kuna kampuni ya Semiconductor Technologies Limited inayofanya kazi za semikondakta. Ni mwanzo mzuri, na vyuo vya Dar es Salaam, Kampala na Kigali vina kila sababu ya kutosubiri. Somo la muhula mmoja lingetosha: wiki za kwanza kuchora kona, zilizobaki kuziigiza na kupima. Swali la kona zipi zikatazwe pale ambapo baadhi ya ruta zimekufa bado linaandikiwa makala kila mwaka, na mwanafunzi wa shahada ya kwanza anaweza kuliingia bila kuomba ruhusa ya mtu.

Matumizi ya mitandao hii ya ndani ya chipu ni mengi na sitayamaliza. Seva za benki na za kampuni za simu. Chipu za simu zenyewe, ambamo kamera, skrini, modemu na viini vya prosesa vinagombea kumbukumbu moja. Magari yanayosoma rada na kamera kwa pamoja, ambako pakiti ya breki hairuhusiwi kuchelewa nyuma ya pakiti ya muziki. Vituo vya minara ya simu. Manchester, Uingereza, timu ya Steve Furber iliwasha mwaka 2018 mashine ya SpiNNaker yenye viini milioni moja vya kuigiza ubongo, na humo pakiti haibebi anwani ya iendako bali ya ilikotoka, ruta zikaamua zenyewe nani anapaswa kuipata. Cerebras ya Marekani ilitoa mwaka 2019 chipu moja yenye eneo la milimita za mraba 46,225 na viini 400,000 kwenye gridi. Kwa ukubwa huo lazima baadhi ya viini vitoke kiwandani vikiwa vibovu, kwa hiyo viliwekwa viini vya akiba na njia za ziada za kuvizunguka vibovu, ili programu iione gridi iliyokamilika.